Kazi za mtandaoni ni sawa, lakini tuwasikilize walionyeshewa

Ukitoka Lurambi hadi katikati ya mji wa Kakamega siku hizi, hukosi kusikia vijana wakibonga kuhusu kazi za mtandaoni. Nje ya lango la MMUST ni hiyo stori, kwa vibanda vya chipsi ni hiyo, hata kwa steji ya boda. Serikali nayo haijachoka kutupigia debe: Ajira Digital, Jitume, maabara za kompyuta kwenye vyuo vya kiufundi. Ujumbe ni ule ule. Shika laptopu, dola zinakungoja.

Sina shida na ujumbe huo. Katika kaunti ambayo kiwanda chake cha sukari kule Mumias kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka wa 2019, na msee mwenye digrii anabeba abiria kwa pikipiki, kazi yoyote halali ni baraka. Kwa sisi tulioacha chuo katikati, ni baraka mara mbili, kwa sababu huko mtandaoni hakuna anayekuuliza cheti. Ninachouliza ni kimoja: mbona hatuwasikilizi wale ambao tayari wameifanya? Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Sisi tunaisifu mvua ambayo haijatugusa, huku walionyeshewa wako kortini Nairobi wakisimulia jinsi ilivyowalowesha.

Hebu tuwasikilize basi.

Kuanzia 2019, kampuni ya Sama jijini Nairobi iliajiri vijana wa kuchuja yale yanayowekwa Facebook. Walitoka Kenya, Uganda, Ethiopia, Somalia, Afrika Kusini na kwingineko, kila mmoja akitumia lugha ya kwao. Kazi yenyewe ni kutazama kile ambacho wewe hutaki kuona: watu wakichinjwa, watoto wakidhulumiwa, mtu akijitoa uhai, kisha unaamua kama kitabaki au kitafutwa. Halafu kinachofuata. Halafu kingine, hadi zamu iishe. Mnamo Februari 2022 jarida la TIME lilifichua kwamba baadhi yao walikuwa wakipeleka nyumbani takriban dola 1.50 kwa saa.

Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini, alijaribu kuwaunganisha wenzake wadai mazingira bora. Akafutwa. Mei 2022 akawashtaki Sama na Meta, mwenye Facebook. Januari 2023 Sama ikatangaza kuachana na kazi hiyo na takriban watu 260 wakaambiwa waage. Zaidi ya 180 kati yao wakaenda kortini. Desemba 2024 tukajua kwamba daktari wa magonjwa ya akili wa Hospitali Kuu ya Kenyatta alikuwa amewapima, na zaidi ya 140 wakapatikana na ugonjwa wa kiwewe, ule unaowapata wanajeshi waliotoka vitani. Hawa walikuwa wameketi kwa kiti ofisini, mbele ya kompyuta.

Kuna kesi nyingine inayotuhusu hata zaidi, kwa sababu wengi wetu tunaitumia ChatGPT kila siku. Kuanzia mwisho wa 2021, wafanyakazi wa Sama walisoma maandishi machafu kupindukia na kuyawekea alama ili programu hiyo ijifunze kuyaepuka. TIME iliripoti Januari 2023 kwamba walilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, ilhali mkataba wa OpenAI na Sama ulitaja dola 12.50 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe. Sama ilijitetea kwamba pesa hizo zilikuwa za kugharimia mambo mengi, na kwamba washauri nasaha walikuwepo. Wafanyakazi wakasema ushauri huo haukutosha.

Sasa utaniambia hayo ni ya Nairobi, wewe utafanyia kazi kwa keja yako Kefinco na ukichoka unalala. Sawa. Lakini waulize waliokuwa Remotasks, jukwaa la kampuni ya Scale AI ya Marekani. Machi 2024 lilifungia Wakenya mlango. Watu waliokuwa wamejipangia kodi na karo kwa pesa hizo waliamka wakakuta barua pepe, na mambo yakaishia hapo. Hakuna meneja wa kuendea, hakuna ofisi ya kubisha hodi.

Jambo linalonigusa zaidi katika hadithi hizi ni kwamba wengi wa hawa wasee hawakusema kazi ifungwe. Mei 1, 2023, zaidi ya 150 kati yao walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao cha wafanyakazi. Hakuna mtu huunda chama cha kutetea kazi anayotaka ife. Walichotaka ni kuambiwa ukweli kuhusu kazi kabla ya kutia saini, kulipwa vizuri, kupata daktari, na kujua bosi wao ni nani.

Hilo la bosi ndilo kiini. Meta ilipoitwa kortini ilisema haikuwaajiri hao watu na wala haina makao Kenya, kwa hivyo isishtakiwe hapa. Sisi wa magharibi tunaujua huu mchezo kupitia miwa. Mkata miwa huletwa shambani na kontrakta. Akijikata na panga, kontrakta anaelekeza kidole kwa kampuni na kampuni inamrudishia kontrakta. Mwenye jeraha anabaki katikati. Bahati nzuri majaji hawakukubali. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa hapa hapa Kenya.

Ajabu ni kwamba wakati korti inafungua mlango huo, kuna wanasiasa waliotaka kuufunga. Mwaka huo huo wa 2024 mswada uliletwa Seneti wa kubadilisha sheria za biashara, ili madai ya mfanyakazi yamwendee kampuni ya kati pekee na ile kubwa ya ng'ambo ikae salama. Wanadai hiyo itavutia wawekezaji. Mimi naona mwekezaji anayekuja kwa sababu tu hawezi kushtakiwa ataondoka siku atakapopata nchi yenye watu wa bei rahisi zaidi. Remotasks haikungoja sheria ibadilike ndipo iondoke.

Kwa hivyo viongozi wetu wa kaunti na wabunge wa hapa wasije tu kukata utepe kwa maabara mpya na kupiga picha. Wanapotuletea kampuni, watuonyeshe pia mkataba. Wakipinga miswada ya aina hiyo, tutajua wako na sisi.

Na wewe msomaji, kabla ya kutia saini, uliza. Nani ananiajiri, na anamfanyia nani kazi? Nitaona nini kwenye hiyo skrini? Nikiugua akilini, nani analipa daktari, na kwa muda gani baada ya kuondoka? Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba ulioandikwa, kwa hivyo usikubali maneno ya WhatsApp. Kifungu cha 41 cha Katiba kinakupa haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Karatasi ya kukufunga mdomo kuhusu siri za kampuni haifuti haki hiyo.

Najua mwenye njaa huwa hachagui, na wengi watatia saini bila kuuliza kwa sababu kodi ya mwezi iko mlangoni. Ndiyo maana hili haliwezi kuachiwa kijana mmoja mmoja. Wale wa Nairobi walijaribu mmoja mmoja wakafutwa. Waliposimama wengi, korti ikawasikia. Sisi wa Kakamega tuna nafasi ya kusimama pamoja kabla hatujaumia.