Sinema ya Tenet na Nyakati za Kitenzi: Jibu kwa Wenye Shaka

Walimu wenzetu, yapo madai mawili yanayorudiwa mara kwa mara katika vyumba vya walimu, na yafaa yajibiwe kwa pamoja. Dai la kwanza ni kwamba sinema ya Tenet, aliyoitoa Christopher Nolan mwaka 2020, ni fumbo lisilofumbulika, na kwamba kijana wa Ngarama au wa Mbarara anayeitazama hupoteza saa mbili na nusu bure. Dai la pili ni kwamba hata kama ingeeleweka, isingesimulika kwa Kiswahili, kwa sababu lugha hii ni ya soko na ya kambi ya askari, wala haina vyombo vya kuelezea wakati uliogeuzwa nyuma mbele. Sisi tunaoipenda sinema hiyo na kuifundisha lugha hii twasema kwamba madai yote mawili ni potofu, na la pili lina madhara makubwa kuliko la kwanza.

Tuanze na sinema yenyewe. Kiini chake ni kimoja tu. Kipo chombo ambacho mtu akiingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, wakati humwendea kinyume. Yeye hujiona anakwenda mbele. Ulimwengu ndio unaorudi nyuma. Risasi huchomoka ukutani na kurejea katika bunduki. Gari lililobiringika hujiinua. Na mtu hulazimika kubeba hewa yake, maana mapafu yake hayawezi kuitumia hewa ya wenziwe. Katika ghala la uwanja wa ndege wa Oslo, shujaa, ambaye hapewi jina, anapambana na mtu aliyefunika uso. Baadaye twatambua kwamba alikuwa akipambana na nafsi yake mwenyewe iliyokuwa ikirudi. Kanuni ni hiyo hiyo toka mwanzo hadi mwisho, na mwenye kuishika hapotei.

Kwa nini basi wengi hupotea? Wanapotezwa na lugha. Mazungumzo ya sinema hiyo ni ya haraka, tena Kiingereza chake mara nyingi humezwa na muziki na mishindo, hata wenye Kiingereza chao walinung'unika. Mtazamaji anayefikiwa na nusu ya maneno hawezi kulaumiwa kwa kuelewa nusu ya kisa.

Hapa Afrika ya Mashariki dawa ya tatizo hilo ilikwisha kupatikana zamani. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, aliyezisimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili. Kenya inaye DJ Afro. Uganda inaye VJ Jingo na wenziwe wanaosimulia kwa Kiganda. Msimulizi wa aina hii si kasuku. Husikiliza, hupima, hufafanua, na hutia mzaha pale mtazamaji anapochoka. Nasi twauliza: Ngarama, mahali ambapo vijiji vya wenyeji na makazi ya wakimbizi ya Nakivale vinagusana, ni lugha gani itakayomfaa msimulizi? Mwenyeji husema Kinyankole, Mrundi Kirundi, Msomali Kisomali, na Mkongomani huja na lugha ya kwao pamoja na Kiswahili. Lugha inayoweza kuwaketisha wengi wa hao katika kibanda kimoja cha video, wakacheka kwa pamoja, ni Kiswahili.

Lakini je, kinaweza? La hasha, husema wenye shaka. Kiswahili kina jana, leo na kesho, basi. Tunawajibu kwa sarufi ile ile wanayoifundisha.

Tazameni kwanza kiambishi -ka-. Mwishoni mwa sinema, shujaa anamkuta maiti nyuma ya mlango uliofungwa. Kwa macho ya shujaa, maiti akainuka, risasi ikamtoka, mlango ukafunguka. Maiti huyo ni Neil, rafiki yake, anayeusafiri wakati kwa kinyume. Kwa macho ya Neil, akaja mbio, akausimamia mlango, akapigwa risasi, akafa. Tukio ni moja, na -ka- imelisimulia kutoka pande zote mbili bila kukwama. Hii ni kwa sababu -ka- haifuati saa ya ukutani. Hufuata mpangilio wa yule anayesimulia.

Tazameni tena -ja-. Mlango umekwisha kufunguliwa na mtu ambaye hajaenda kuufungua. Sentensi hii ndiyo Tenet nzima, nayo ni Kiswahili safi. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba "hajaenda" ni sawasawa na "hakwenda" anawaibia. "Hakwenda" hufunga mlango. "Hajaenda" huuacha wazi, kwa kuwa linalosubiriwa limo ndani ya kitenzi chenyewe. Wakazi wa Nakivale, makazi yanayopokea wakimbizi tangu miaka ya mwisho ya 1950, hawahitaji kufundishwa tofauti hiyo. Asemaye "hatujarudi kwetu" hajasema "hatukurudi".

Kisha yapo maumbo changamano. Urafiki wa Neil na shujaa ni urafiki ambao kwa mmoja ndio kwanza unaanza, hali kwa mwenziwe umekwisha kufika kikomo. Shujaa atakuja kuwa ndiye aliyemwita Neil kazini. Wakati ujao na wakati uliopita vimekaa katika sentensi moja.

Tunajua kwamba shaka hii ina mizizi ya kitaalamu. Marehemu Profesa John Mbiti, aliyefundisha Makerere, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwamba Mwafrika wa jadi ana wakati uliopita mrefu na wakati wa sasa, lakini karibu hana wakati ujao wa mbali. Ushahidi wake ulitoka katika vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, lakini majina aliyoyachagua, Sasa na Zamani, ni ya Kiswahili. Twamheshimu Profesa, hata hivyo majina hayo yameifanya lugha yetu ibebe dai ambalo haikulitoa. Kiswahili kina jana na juzi kwa siku zilizopita. Kwa siku zijazo kina kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo. Lugha iliyozipa majina siku nne za mbele haiwezi kuambiwa kwamba haitazami mbele.

Wala waandishi wetu hawakungoja Nolan. Euphrase Kezilahabi aliuvuruga wakati katika Nagona, 1990, na Mzingile, 1991. Katama Mkangi akamrusha Dzombo angani katika Walenisi, 1995. Vitabu vipo, havisomwi vya kutosha.

Jambo hili si la burudani peke yake. Nchini Uganda Kiswahili kilitangazwa kwa amri ya Idi Amin mwaka 1973 kuwa lugha ya taifa, na harufu ya bunduki ikakiganda. Mwaka 2005 katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili; mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ukakiweka kuwa somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza; mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kifundishwe shuleni kote. Sheria imefika, heshima haijafika. Nayo haitafika maadamu kijana aliyevuka mpaka na Kiswahili chake kinywani anaketishwa darasani kukariri salamu na majina ya matunda, kana kwamba fikra ngumu zina lugha yake nyingine.

Kwa hiyo twapendekeza kazi moja kwa kila mwalimu. Chukueni methali mbili: "Maji yakimwagika hayazoleki" na "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo". Katika Tenet, watu wa vizazi vijavyo wanawapiga vita waliowatangulia, kwa kuwa waliotangulia waliiharibu mito na bahari. Waulizeni wanafunzi: je, sinema imeikanusha methali ya kwanza, au imeithibitisha, maana lililotukia halikubadilika? Na ya pili, yeye ajaye atagangwa na nani, ikiwa sisi tuliopo ndio ndwele yake? Wajadiliane kwa Kiswahili, waandike insha kwa Kiswahili, wasimulie tukio la mlangoni mara mbili, kwa macho ya shujaa na kwa macho ya Neil.

Atakayeona darasa likifanya hivyo, kisha akasema kwamba lugha hii ni ya soko, atakuwa hakukosa ushahidi. Atakuwa amekataa kusikia.