Nani Alilipia Ukarabati wa Old Taxi Park?

Tarehe 25 Machi 2020, Rais Yoweri Museveni alisimamisha usafiri wa umma nchini Uganda ili kuzuia kuenea kwa korona. Katikati ya Kampala kukatokea jambo ambalo hakuna mhandisi wa jiji angethubutu kuliomba: Old Taxi Park, ile ambayo wenyeji huiita Paaka Enkadde, ikabaki tupu. Hakuna teksi iliyokuwa ikirudi nyuma huku kondakta akipiga kofi kwenye bati, hakuna mpiga debe aliyekuwa akivutana na mwenzake kwa ajili ya abiria wa Ntinda. Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, ikaiona nafasi na kuitumia. Mashine zikaingia, uso wa zamani ukachimbuliwa, mitaro ikafunguliwa, na ukarabati uliokuwa ukisubiriwa kwa miaka mingi ukaanza.

Uamuzi ule ninauheshimu. Stendi ilikuwa imechoka, na mvua ikinyesha abiria walikuwa wakitembea kwenye tope na maji machafu. Fursa ya namna ile ikikupita hairudi kesho. Hata hivyo nadhani fursa hiyohiyo ndiyo iliyouficha ugumu halisi wa kazi. Mkandarasi akikabidhiwa eneo tupu, ni rahisi mno kwa wenye mradi kuamini kwamba kazi yao ni zege, kokoto, taa na vyoo. Stendi ya teksi ni zaidi ya hivyo. Ni foleni, zamu, haki za watu na madeni yao, na vitu hivyo havionekani pale watu wanapokuwa wamefungiwa majumbani.

Tuangalie kinachofanyika humo siku ya kawaida. Teksi za Kampala, hizo zenye mkanda wa miraba ya buluu ubavuni, zimesajiliwa kuchukua abiria 14. Kila njia ina steji yake. Steji ina viongozi wake, daftari lake, michango yake na utaratibu wake wa nani anapakia baada ya nani. Dereva mgeni hawezi kuamka asubuhi akaenda kupakia popote anapotaka. Anajiunga, analipa, anapokelewa. Nafasi hiyo ni mali yake, ingawa haina hati yoyote serikalini. Pembeni yake wapo wauza rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai ndani), wauza maji, wauza chaja na soksi, wabebaji mizigo wa kwenda na kutoka soko la Owino, na wenye maduka kwenye majengo yanayoizunguka stendi ambao wateja wao ni abiria wanaopita tu. Ukiichora ramani ya stendi bila kuwachora hawa, umechora uwanja wa kuegesha magari.

Ni nani aliyekuwa na orodha yao? Jibu lake lina historia. Kwa miaka mingi stendi za Kampala zilikuwa chini ya UTODA, chama cha wenye teksi na madereva, kilichokusanya ada kwa mkataba na jiji. Watu walikilalamikia sana, na kwa sababu nzuri. Lakini kilijua kila steji na kila kiongozi wake. Baada ya sheria ya KCCA kuanza kutumika mwaka 2011 na Jennifer Musisi kushika uongozi wa utendaji, mkataba huo ukakoma na jiji likaanza kukusanya lenyewe, shilingi 120,000 kwa mwezi kwa kila teksi. Fedha zikahama mikono. Ujuzi wa kila siku wa kuendesha stendi haukuhama kwa urahisi kiasi hicho. Madereva wakagawanyika katika vyama vilivyogombea kuwasemea, na aliyekaa na chama kimoja aliambiwa na vingine kwamba hakuzungumza na madereva.

Kwa hiyo mradi ulipoanza mwaka 2020, mwenye stendi alikuwepo, lakini msemaji mmoja wa watumiaji wa stendi hakuwepo. Hapo ndipo ninapoona kosa la kwanza la usimamizi, nalo lilitangulia mashine kwa karibu muongo mmoja.

Kisha ikaja tarehe 4 Juni. Siku hiyo usafiri wa umma uliruhusiwa kurejea, kwa sharti kwamba kila teksi ibebe nusu ya abiria wake. Hebu tuipige hesabu hiyo polepole, kwa sababu hapa ndipo ratiba ya ujenzi ilipogongana na maisha ya watu. Teksi ya abiria 14 sasa inabeba 7. Ili kubeba umati uleule unahitaji safari mara mbili, na kila safari inahitaji nafasi ya kupakia. Yaani jiji lilihitaji nafasi zaidi ya steji kuliko wakati wowote, nayo moja ya stendi zake kubwa kabisa ilikuwa imechimbwa. Teksi zikatawanywa kwenye stendi nyingine na kando ya barabara. Abiria aliyezoea kushuka Paaka Enkadde na kuvuka hatua chache kudaka gari la upande wa pili akajikuta akiuliza njia katika jiji alikozaliwa. Nauli zikapanda, na aliyeshindwa kulipa akatembea.

Hakuna aliyejua mwezi Machi kwamba sharti la nusu ya abiria lingekuja, na sitaki kumlaumu mtu kwa kutokuwa nabii. Lakini kurudi kwa usafiri kulikuwa hakika. Kilichokuwa hakijulikani ni siku tu. Mpango wa mradi ulipaswa kubeba swali hili tangu mwanzo: teksi zikiruhusiwa kesho asubuhi, zinakwenda wapi, na nani amewaambia abiria? Swali hilo halihitaji utabiri. Linahitaji mtu aliyepewa jukumu la kulijibu, mwenye bajeti ya vibao, ya matangazo ya redio kwa Kiganda na Kiswahili, na ya vijana wa kuelekeza watu kwenye makutano.

Wapo watakaosema kwamba kufunga stendi yote ndiyo njia ya akili. Hoja yao ina nguvu. Zege huhesabiwa siku 28 kufikia uimara wake unaokusudiwa, na ukiliruhusu gari lipite mapema umejenga nyufa. Kuchimba mtaro wenye kina huku umati ukipita ukingoni ni kuhatarisha roho za watu. Kugawa kazi vipande vipande kunaongeza gharama, kwa sababu mkandarasi anahamisha mashine mara tatu badala ya mara moja, na kila mpaka kati ya kipande na kipande ni mahali pa kuvuja. Wahandisi wanaosema hivi hawatetei uvivu.

London ililipa gharama hiyo. Stesheni ya London Bridge ilijengwa upya kati ya 2013 na 2018 huku treni zikiendelea kuingia na kutoka, majukwaa yakifungwa kwa makundi, kwa gharama ya takriban pauni bilioni moja. Hata huko haikwenda sawasawa. Mwanzoni mwa 2015, baada ya majukwaa kupunguzwa na ratiba kubadilishwa, abiria walisongamana kiasi cha kuruka vizuizi. Ninachokiokota kwenye mfano huo ni kwamba waliochagua kuacha stesheni wazi walikubali kwamba usumbufu ni gharama, wakaamua sehemu kubwa ya gharama hiyo iingie kwenye bajeti ya mradi badala ya kumwachia abiria. Kampala haina mabilioni hayo. Lakini kukosa fedha za kuzuia usumbufu hakukuondolei wajibu wa kuupima.

Tuupime kwa mfano mdogo. Dereva aliyehamishiwa mahali pasipo na abiria wa kutosha anapoteza, tuseme, safari moja kwa siku. Kwa abiria 14 wa nauli ya shilingi 2,000 hiyo ni 28,000, na mwenye gari bado anadai hesabu yake jioni. Mwuza chapati aliyekuwa akilisha makondakta alfajiri amepoteza wateja wote kwa siku moja. Zidisha kwa magari na meza zote, kisha kwa miezi. Fedha hizo hazionekani kwenye taarifa yoyote ya mradi, lakini zilitoka mifukoni mwa watu, na wengi wao hawakuwahi kuulizwa. Mradi unaosema umemalizika ndani ya bajeti huku umehamishia sehemu ya gharama zake kwa wauza rolex haujamalizika ndani ya bajeti. Umekopa bila kuandikishana.

Dar es Salaam imeonyesha sura nyingine ya jambo hilihili. Mwaka 2021 mabasi ya mikoani yalihamishwa kutoka Ubungo kwenda kituo kipya cha Mbezi Luis, ambacho Rais John Magufuli alikizindua Februari mwaka huo. Jengo ni kubwa na zuri, lilistahili kujengwa. Lakini baadhi ya makampuni yaliendelea kupakia kwenye ofisi zao za Ubungo na Shekilango, kwa sababu huko ndiko abiria walikozoea, na serikali ikalazimika kuvutana nao. Abiria hafuati ukuta mpya. Anafuata gari la kuunganishia, nauli nafuu na mahali anapojua atakutana na ndugu yake. Kampala ilikwisha kuliona hili kwenye stendi ya Usafi, upande wa Kisenyi: si mbali na katikati ya jiji, lakini madereva walisita kuhamia kwa hofu ya kukosa abiria.

Kuna jambo la maji ambalo haliwezi kupita kimyakimya. Old Taxi Park iko kwenye bonde la Nakivubo. Mvua ikinyesha kwenye vilima vya Nakasero, Old Kampala na Mengo, maji yote yanatafuta bonde hilo. Unaweza kujenga mitaro bora kabisa ndani ya uzio wa stendi, lakini ikiwa mfereji unaopokea maji hayo umejaa taka na mchanga, mtaro wako unageuka njia ya kuyaleta ndani. Mfereji wa Nakivubo ulishawahi kupanuliwa kwa fedha za Benki ya Dunia, na bado eneo la chini ya jiji hufurika. Uzio wa mradi ulichorwa na wanasheria na wahasibu, maji hayaujui. Mtu anayesimamia ukarabati wa stendi ile anapaswa kuwa na sauti juu ya usafishaji wa mfereji, au angalau barua iliyosainiwa na anayehusika, kabla ya kumwaga zege.

Sauti hiyo ni ngumu kuipata, kwa sababu mamlaka yamegawanyika. KCCA inamiliki stendi, wizara ya ujenzi na uchukuzi inatoa leseni za magari, polisi wanaongoza barabara. Ndani ya KCCA yenyewe, Meya Erias Lukwago na upande wa watendaji walikuwa wakivutana tangu enzi za Musisi juu ya nani mwenye neno la mwisho. Na katikati ya kazi, mwezi Juni 2020, uongozi wa utendaji ukabadilika: Andrew Kitaka, mhandisi aliyekuwa akikaimu, akampisha Dorothy Kisaka. Mabadiliko ni ya kawaida. Kisicho cha kawaida ni kutarajia kwamba ahadi alizopewa kiongozi wa steji kwa mdomo, chini ya mwembe au ofisini, zitavuka salama kutoka kwa bosi mmoja hadi mwingine. Ahadi ya namna hiyo inatakiwa iandikwe: steji fulani, njia fulani, magari haya, yatarudi kwenye mstari huu, na mtu huyu ndiye wa kuulizwa.

Najua pia kuna wanaoona kwamba vurugu za stendi ndizo zilizopaswa kuondolewa, na kwamba kuwaandikia wapiga debe na wachuuzi haki ni kuzihalalisha. Siwafuati huko. Januari 2022 wachuuzi waliondolewa kwenye mitaa ya katikati ya Kampala, na aliyekuwa akipata mlo wake kutokana na wapita njia hakupata riziki nyingine kwa kufukuzwa. Utaratibu mpya unaweza kuwabana watu, hata kuwapunguza, lakini ni lazima kwanza uwatambue. Usipowahesabu siku ya kufunga, huna namna ya kuwapanga siku ya kufungua.

Stendi za Kampala zitakarabatiwa tena, kwa kuwa magari ni mengi na udongo wa bonde hautulii. Safari hiyo hakutakuwa na marufuku ya usafiri itakayowaondoa watu kwanza. KCCA iifanye kazi hii kabla ya kuita mkandarasi: ihesabu steji na watu wake, itangaze hadharani magari yatahamia wapi na kwa muda gani, iweke gharama ya kuhama ndani ya mkataba, na imtaje afisa mmoja mwenye mamlaka juu ya yote hayo, kwa jina lake na namba yake ya simu, kwenye bango la mradi pale mlangoni. Na vyama vya madereva, kabla ya kukubali kuhama, vidai kuiona orodha hiyo kwa maandishi.