Barua zangu zilikwama, na kosa lilikuwa langu

Jamani, wiki nzima nilikuwa namlaumu mhariri wa watu. Namtumia habari, kimya. Namkumbusha, kimya. Kumbe barua pepe zangu hazimfikii. Anwani ya seva yangu ndogo ilikuwa imeingizwa kwenye orodha nyeusi ya watuma barua taka.

Nikawaka. Mimi na barua taka wapi na wapi? Nilipofungua kumbukumbu za seva, nikanywea. Kuna akaunti ya majaribio niliifungua nikaisahau, nywila yake "12345678". Mtu aliivamia, akatuma maelfu ya barua usiku mmoja.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema orodha hizi ni uonevu mtupu. Paul Vixie na wenzake walianzisha ya kwanza mwaka 1997 huko Marekani. Spamhaus ikafuata 1998. Hazimlazimishi mtu. Kila mwenye seva huamua mwenyewe kama ataziuliza kabla ya kupokea barua. Ni kweli, wakati mwingine unaadhibiwa kwa uchafu wa jirani mnayechangia naye mtandao. Lakini kabla ya kumlaumu jirani, je, mlango wako umeufunga?

Mimi nimefanya hivi. Nimefuta akaunti zisizotumika na kuweka nywila ndefu. Seva haipeleki tena barua ya mtu asiyejitambulisha, na kila akaunti ina kikomo cha barua kwa saa. Nimeweka SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina langu. DKIM, ambayo ni saini ya barua. Na DMARC, inayosema barua isiyopita ukaguzi ifanywe nini. Tangu Februari 2024, Google inamtaka kila anayetuma kwenda Gmail awe na SPF au DKIM, na anwani ya seva irejee kwenye jina lake. Anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku lazima awe nazo zote tatu.

Baada ya hapo ndipo niliomba kuondolewa. Ukiomba kabla ya kuziba tundu, utarudishwa kesho yake. Na mjue, Spamhaus haitozi hata senti kumwondoa mtu.

Wapo wanaonishauri niachane na seva, nihamie kwa wakubwa. Sihami. Watu wananiamini na siri zao, nami nataka kujua zimelala wapi. Ila nyumba ukiwa nayo, kufagia ni kwako. Mchuma janga hula na wa kwao.

Mhariri, samahani sana. Habari nimeituma upya.