Mtu ni Nani?

Mwaka 1789 Wafaransa walitangaza haki za "homme", neno ambalo kwao ni mtu na papo hapo ni mwanamume. Wanawake walidhani wamo. Hawakuwamo! Olympe de Gouges alipoona hivyo, mwaka 1791 aliliandika upya tangazo lile kifungu kwa kifungu, akimtaja mwanamke waziwazi. Alidai kuwa mwanamke anayestahili kupandishwa jukwaa la kuuawa anastahili pia kupanda jukwaa la kuhutubia. Novemba 1793 akakatwa kichwa kwa maandishi yake ya siasa. Jukwaa la kwanza alipewa. Haki ya kupiga kura wanawake wa Ufaransa waliipata mwaka 1944.

Mswahili atacheka: kwetu mtu ni mtu, na "yeye" haina jinsia. Asicheke mapema. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na "wer" kwa mwanamume na "mann" kwa mtu yeyote. "Wer" likafa, wanaume wakajitwalia "mann".

Tena neno safi peke yake halitoshi. Sheria ya Kanada ya 1867 ilisema Seneti itateuliwa kutoka kwa watu wanaostahili, haikusema wanaume. Hata hivyo, Emily Murphy, hakimu wa Edmonton, na wenzake wanne walipouliza kama mwanamke ni mtu kwa maana hiyo, Mahakama Kuu ya nchi ilijibu mwaka 1928 kwamba siyo. Majaji wa rufaa wa London ndio waliotengua uamuzi huo mwaka uliofuata.

Basi waandishi wa Kiswahili na wafanye hadhari, maana ugonjwa huo umekwisha bisha hodi. Gazeti huandika "wakulima na wake zao", kana kwamba mke aliyeamka alfajiri akapalilia mahindi hadi jua la utosi alikwenda shambani kutembea. Kadi za karamu nazo hualika wafanyakazi "na wake zao", hata katika ofisi ambayo mhasibu wake ni mwanamke mwenye mume. Mhariri akute maneno hayo, ayafute.

Na penye madaraka, mwanamke atajwe kwa jina lake. Waliotunga Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, ya 1999, walilijua hilo. Hawakuishia kusema baraza la ardhi la kijiji liwe na watu 7. Waliongeza kwamba wanawake wasipungue 3.