Wewe ni wa wapi? Swali la sinema ambalo Karagita inalijua

Filamu ya Civil War, iliyoongozwa na Alex Garland na kutolewa Aprili 2024, inasimulia Marekani iliyogawanyika na kupigana yenyewe kwa yenyewe. Wahusika wakuu ni wanahabari wanne wanaosafiri kwa gari kutoka New York hadi Washington, wakitaka kumhoji rais kabla hajaondolewa madarakani. Mna risasi, helikopta na milipuko ya kumtosha kijana yeyote wa hapa Karagita aliyekulia kwenye sinema za DJ Afro. Lakini majirani niliotazama nao hawakuzungumzia helikopta. Walizungumzia swali moja.

Mwanajeshi mwenye bunduki anawasimamisha wanahabari hao kando ya kaburi la halaiki, kisha anawauliza mmoja mmoja wao ni Wamarekani wa aina gani. Mmoja anasema ametoka Hong Kong. Anapigwa risasi papo hapo.

Mimi ni mtu wa Pwani ninayeishi Karagita, na pande zote mbili za maisha yangu zinalijua swali hilo. Mwaka 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa, kilichofuata ni kusakwa kwa watu wa bara nyumba kwa nyumba. Juni 2014 kule Mpeketoni, zaidi ya watu 60 waliuawa katika siku mbili, na manusura walisimulia jinsi wavamizi walivyouliza dini ya mtu kabla ya kuamua.

Hapa Naivasha swali hilo lilifika Jumapili, tarehe 27 Januari 2008. Vijana waliweka vizuizi barabarani na kudai majina na vitambulisho. Katika mtaa wa Kabati watu 19, watoto wakiwemo, walichomwa ndani ya nyumba moja, kama ilivyorekodiwa na Tume ya Waki. Karagita ni mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua, kando ya barabara ya Moi South Lake. Watu wa kila kabila walikuwa wakiishi ploti moja na kuchota maji bomba moja. Waliolengwa walikimbilia kituo cha polisi na gereza la Naivasha wakiwa na nguo walizovaa. Siku mbili baadaye helikopta za jeshi zilikuwa zikitawanya umati mjini.

Je, wanahabari walikuwa wapi? Walikuwepo, na wengine walifanya kazi ya ujasiri mkubwa. Boniface Mwangi, wakati huo mpigapicha wa gazeti la Standard, alipiga picha za ghasia zile ambazo baadaye alizizungusha nchini katika maonyesho ya Picha Mtaani, ili wananchi wajionee wenyewe walichofanyiana. Lakini kazi hiyo ilifanyika huku mikono ikiwa imefungwa. Tangu tarehe 30 Desemba 2007, waziri wa usalama wa ndani, John Michuki, alikuwa amepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Naivasha ilipokuwa ikiungua, marufuku hiyo ilikuwa bado inatumika. Baadhi ya ripoti za kimataifa nazo zilikuwa na wasiwasi mwingine: kama waridi zitafika Ulaya kabla ya Siku ya Valentine.

Hapo ndipo ninapotofautiana na filamu. Garland anawaonyesha wanahabari kama wageni katika vita, watu wa kupiga picha na kupita. Kwetu mwanahabari ana jina, na jina lina kabila. Mwandishi wa Naivasha anapofika kwenye kizuizi, kitambulisho chake cha kazi hakisomwi kwanza. Kinachosomwa ni jina la ukoo. Akitoka hapo salama, jioni anarudi kulala mtaa uleule, na watu aliowapiga picha wanajua mlango wake.

Tofauti ya pili ni nani anayekumbukwa. Tarehe 12 Julai 1993 mjini Mogadishu, baada ya helikopta za Marekani kushambulia nyumba moja, umati wenye hasira uliwaua wanahabari wanne waliokwenda kuripoti. Watatu walikuwa wa shirika la Reuters: Dan Eldon, Hos Maina na Anthony Macharia. Wa nne, Hansi Krauss, alikuwa wa AP. Kisa cha Eldon kilitengenezewa filamu, The Journey Is the Destination, mwaka 2016. Anastahili. Lakini waulize vijana wanaosomea uanahabari Maina na Macharia ni nani, Wakenya wenzao, uone wangapi watajibu.

Haki inataka tuseme na upande wa pili. Tume ya Waki ilitaja mchango wa redio za lugha za mama katika kuchochea chuki. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa Hague, na kesi ikasitishwa tarehe 5 Aprili 2016 bila yeye kupatikana na hatia. Kwa hiyo si kila anayeshika maikrofoni ni shahidi asiye na upande. Hata hivyo dawa ya uchochezi ni sheria dhidi ya mchochezi. Kuzima mitambo ya kila mtu ni kuwaacha wananchi gizani na uvumi.

Na tabia ya kuzima haijaisha. Januari 2018 runinga zilifungwa kwa sababu ya kiapo cha Raila Odinga. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza matangazo ya moja kwa moja ya maandamano yakome, na vituo vikazimwa, kabla ya Mahakama Kuu kusimamisha agizo hilo. Risasi nazo hazikukosekana: Julai 2024, mjini Nakuru, mwanahabari wa Kameme FM, Catherine Wanjeri, alipigwa risasi za mpira mguuni akiripoti maandamano, akiwa amevaa koti lililoandikwa kazi yake.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Waandishi wengi wa mashinani, wa Naivasha kama wa Kilifi na Lamu, hulipwa kwa habari moja moja, bila bima wala koti la kuzuia risasi. Vyombo vya habari viwakatie bima sasa, si wiki ya kupiga kura. Makamanda wa polisi wa kaunti waketi na waandishi hao wafahamiane kwa sura. Nasi wakazi tukubaliane mapema kwamba mwenye kamera mtaani haulizwi jina la babake. Siku akiogopa kuja, hakuna atakayejua kilichotupata.