Spika Zenu Kila Moja Ina Saa Yake

Wasee, hii kitu imenikaa kwa roho tangu tuzike shosho, kwa hivyo leo wacha niiseme.

Siku ya mazishi anti yangu, kitinda mimba wa shosho, alikuwa ameandika maisha ya mamake kwa mkono. Kurasa tatu. Mimi nilikuwa nyuma kabisa karibu na barabara, naelekeza magari. Tulikuwa tumekodi mitambo, na si ati ya bei rahisi. Kulikuwa na honi mbili, zile spika za tarumbeta unaona kwa mikutano ya injili: moja kwa mlingoti kando ya hema la familia, nyingine kwa mlingoti karibu na sisi, kama mita 60 hivi kutoka ya kwanza. Anti akaanza kusoma. Huku nyuma tukasikia sauti yake ikikanyaga sauti yake, kila neno linaingia juu ya lile limetangulia. Watu wakavumilia dakika moja, kisha wakaanza story zao za bei ya mbolea.

Nikaenda kwa jamaa wa mitambo. "Boss, huku nyuma hatusikii."

"Sawa kijana, naongeza."

Akaongeza. Ikawa mbaya zaidi.

Sasa hapo ndipo nina shida na sisi Wakenya na mambo ya sauti. Dawa yetu ni moja tu: ongeza. Ampu kubwa, boksi zingine nne, woofa chini ya kiti cha mat hadi meno yanacheza. Na mara nyingi ugonjwa si sauti kuwa ndogo. Ugonjwa ni wakati.

Hesabu yake ni rahisi. Sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kukiwa na nyuzi 20 hivi. Umeme kwa waya unafika papo hapo. Kwa hivyo anti akisema "mama", honi ya nyuma inaitoa wakati uleule na ya mbele. Sisi wa nyuma tunaipata kwa honi yetu kwanza, kisha ile ya mbele inatufikia baada ya kutembea mita 60. Gawa 60 kwa 343: ni kama milisekunde 175. Mtu akisoma kwa mwendo wa kawaida, silabi moja inachukua karibu hapo hapo. Yaani "ma" ya kwanza ilitupata wakati "ma" ya pili inatoka. Ukiongeza sauti, unaongeza zote mbili. Fujo inakua kubwa, haipungui.

Na si ati honi ni spika mbaya. Watu wa kuringa na spika za sebuleni huzidharau, lakini honi inabana hewa mbele ya kile kisahani kidogo na kuipanua polepole hadi mdomoni, ndiyo maana kwa wati chache tu inafikia kijiji kizima. Shida ni kwamba honi ina urefu. Sauti huanzia kule nyuma kwenye koo lake, si pale kwenye mdomo unaouona. Ukipanga honi ndefu ya sauti za kati juu ya twita fupi, midomo ikiwa imelingana vizuri kwa macho, bado moja inaanza safari sentimita 30 au 40 nyuma ya mwenzake. Hiyo ni karibu milisekunde moja. Inaonekana ni kitu kidogo, ama? Lakini wimbi la 1000 Hz lina urefu wa sentimita 34 hivi. Tofauti ya sentimita 17 peke yake inatosha kufanya spika mbili zivutane kinyume na zimezane, pale pale ambapo konsonanti za watu zinahitaji kusikika.

Hollywood waliliona hili kitambo. Miaka ya 1930, kwa studio ya MGM, kulikuwa na dansa anaitwa Eleanor Powell, wa ile dansi ya viatu vya chuma. Spika za sinema za wakati huo zilipitisha sauti nzito kwa honi ndefu iliyokunjwa na sauti nyembamba kwa honi fupi. Matokeo: mguu ukigonga mara moja, sikio linasikia mara mbili. Douglas Shearer na kikundi chake hawakuongeza sauti. Walitengeneza mfumo mpya wenye honi ya besi fupi zaidi ili njia mbili zikaribiane, na kazi hiyo ikapata tuzo ya ufundi ya Academy ya mwaka 1936. Karibu miaka tisini, manze. Na hawakuwa na kompyuta.

Sisi sahii tunazo. Miksa nyingi za dijitali zina mahali pa kuchelewesha sauti inayotoka kwa kila laini. Kwa mazishi yetu, honi ya nyuma ingecheleweshwa zile 175, uongeze kama 10 au 15 juu yake. Hizo za juu ni za kudanganya sikio: Helmut Haas alieleza mwaka 1949 kwamba sikio hufuata sauti inayotangulia, na ikifuatwa na ingine ndani ya milisekunde chache, inazichukua kama moja. Ungesikia vizuri huku nyuma na bado uhisi anti ndiye anaongea kule mbele.

Najua mtasema fundi wa mashinani hana miksa ya dijitali. Sawa. Basi aweke honi zote mbili kwa mlingoti mmoja, moja iangalie hema, nyingine iangalie barabara. Hiyo ni bure. Ama azime ya nyuma kabisa. Nina hakika tungesikia zaidi na honi moja kuliko mbili. Lakini nani atalipia honi mbili akubali moja izimwe? Hapo pia familia tuna makosa, juu tunahesabu boksi kama tunahesabu ng'ombe.

Wiki mbili baadaye nilimwomba anti anisomee zile kurasa kwa simu. Alinirekodia dakika sita. Nikajua kwa mara ya kwanza kwamba shosho aliwahi kuuza ng'ombe wake wa pekee ndio mamangu amalize shule. Watu zaidi ya mia mbili walikuja kusikia hiyo kitu na hawakuisikia.

Binamu yangu anaoa mwezi ujao, kwa boma lile lile. Nimewaambia mapema: mlingoti mmoja, na futi nitashika mimi.