Ujuzi wa Fundi Usifanywe Siri

Wako mafundi redio ambao kijana hukaa kwao miaka miwili akifagia, akishika tochi na kutumwa chai, na siku aondokapo hajui ila jambo moja: kwamba kifaa kilichoungua hung'olewa na kutiwa kingine. Kwa nini kiliungua? Hakuambiwa, na pengine mwenye kumfundisha naye hakuambiwa. Kijana huyo hakufundishwa kazi, alitumikishwa tu.

Twasema hivi kwa kuwa mwanzo wa elimu hii si mgumu kama unavyotangazwa. Kanuni aliyoitoa Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827 yaeleweka na kila ajuaye kugawanya: mkondo wa umeme ni volti zilizogawanywa kwa ukinzani. Natutazame mfano. Betri ina volti 9, na ile taa ndogo nyekundu iitwayo diodi hutaka volti 2 hivi. Zabaki 7, nazo hazina budi kuchukuliwa na rezista. Rezista ya omu 470 itapitisha takriban ampea 0.015, na diodi nyingi za namna hiyo huvumilia hadi ampea 0.02. Ikiungwa bila rezista, huwaka vikali kwa kitambo kidogo ikafa. Afadhali mwanafunzi aiue moja kwa kusudi, kwani bei yake ni ndogo, kisha apige hesabu ajue kisa cha kifo hicho.

Hapo ndipo aijie transista, iliyoonyeshwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1947: mkondo mdogo huongoza mkubwa, kama vidole vifunguavyo bomba la maji. Simu nyingi za leo zina mabilioni ya vitu hivyo.

Lakini jambo moja halina hiari. Anayeanza asiguse umeme wa ukutani, wenye volti 230 au 240, kwani huua; wala asifungue chaja kwa kuwa tu ameichomoa, maana kapasita huweza kubaki na umeme ndani yake. Betri zamtosha kwa miezi mingi.

Vyama vya wafanyakazi vinazo kumbi ambazo jioni hukaa tupu. Meza moja, mita ya kupimia, betri na fungu la rezista havifiki gharama ya karamu moja ya kumuaga mkubwa. Nao wenye maduka ya ufundi na wamwache kijana aishike mita kwa mkono wake, tena wiki hii.